Hongera Iliyotangulia Picha

Wewe unayesoma hapa, ni lini mara ya mwisho uliona kosa kwa macho yako mwenyewe, ukapiga makofi?

Usinijibu mimi. Jijibu, kisha uendelee kusoma. Na tafadhali usiseme ulipiga kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa unapiga. Hiyo si sababu ya kukuachia. Hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Najua tangu asubuhi umeshatumiwa mfalme na mawaziri wake, mkulima na punda wake, na ule ujumbe wenye waridi linalomeremeta. Mimi leo sina mfalme. Nina profesa wa upasuaji, na kwa nilivyoiona dunia, mfalme ana nafuu. Mfalme ana ndugu wanaokitamani kiti chake, kwa hiyo hakosi mtu wa kumwonyesha makosa yake. Profesa wa upasuaji hana hata wa kumwambia barakoa yake imekaa upande.

Hadithi hii ukiimaliza, mtumie mtu mmoja ambaye ana watu chini yake. Usiwatumie walio chini. Wao wanaijua tayari.

Palikuwa na hospitali moja kubwa, ya mkoa gani haikuhusu, yenye chumba cha kupasulia mioyo. Mkuu wa chumba hicho aliitwa Profesa Kihwelo. Nianze kwa kumtendea haki: mikono yake ilikuwa mizuri. Wapo watu ambao ndugu zao walishaanza kuulizana nani atalala msibani, na leo hii wanabeba ndoo za maji na kugombana na majirani. Mikono hiyo ndiyo iliyowarudisha. Sina ugomvi na mikono yake.

Ugomvi wangu ni na desturi ya chumba.

Upasuaji wa moyo, kwa lugha ya kawaida, unaenda hivi. Moyo unasimamishwa. Mashine iliyo pembeni inachukua kazi yake ya kusukuma damu. Daktari anarekebisha kilichoharibika, moyo unaanzishwa tena, na mgonjwa anaachishwa mashine taratibu. Hapo inatakiwa iangaliwe picha. Daktari wa usingizi huwa ameshapitisha mrija wa altrasaundi kooni mwa mgonjwa, ukashuka mpaka nyuma ya moyo, na kwenye skrini unauona moyo unavyodunda na damu inavyopita. Picha ndiyo inayosema kama kazi imekaa sawa. Kifua bado kiko wazi, mashine bado iko hatua chache, na kosa bado lina dawa.

Lakini katika chumba cha Profesa Kihwelo kulikuwa na kitu kilichoitangulia picha. Moyo ukidunda tu wenyewe, muuguzi mkuu, Sista Fides, alikuwa anasema, "Hongera, Profesa." Chumba kizima kinaitikia, hongera, hongera sana. Profesa anajibu kwamba tumshukuru Mungu, anavua glavu, anawaachia wadogo zake kazi ya kufunga kifua, na anatoka mwenyewe kwenda kuwaambia ndugu wanaosubiri nje. Picha inaangaliwa baadaye, kama watu wanavyoangalia picha za harusi. Hakuna anayefungua albamu ya harusi kutafuta kama ndoa ilifungwa. Anatafuta alivyopendeza.

Desturi hiyo haikuanza kwa ubaya. Siku moja kuna mtoto alitoka salama wakati hakuna aliyetegemea, Sista Fides akashindwa kujizuia. Siku ya pili ikaonekana ni utovu wa adabu kutosema. Kufikia siku ninayoisimulia, ilikuwa sehemu ya upasuaji kama kisu.

Sasa niambie, baada ya hongera, nani atanyanyua mdomo? Umeshawahi kuona uzinduzi wa mradi wa maji? Utepe umekatwa, mheshimiwa ameshapigwa picha na ndoo, kwaya imeimba. Halafu wewe, kimbelembele, unanyoosha mkono kuuliza maji yako wapi. Hakuna atakayekujibu kuhusu maji. Watajadili roho yako.

Basi siku hiyo mgonjwa alikuwa fundi cherehani, mwanamke bado kijana, jina lake Stamili. Utotoni aliumwa koo, koo likaachwa lipone lenyewe, likazaa homa ya baridi yabisi, na homa ile ikala mlango mmoja wa moyo wake. Moyo una milango. Wataalamu wanaiita valvu, na kazi yake ni kuruhusu damu ipite mbele isirudi nyuma. Mlango wa Stamili ulikuwa umekakamaa, haufunguki vizuri wala haufungi. Akipanda ngazi alikuwa anakaa katikati, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Hakuwa anataka makubwa. Alitaka kushona sare za harusi bila kusimamisha cherehani katikati ya upindo ili avute pumzi. Bila upasuaji, walimwambia, asingeweza hata hilo kwa muda mrefu.

Daktari wa usingizi alikuwa Dkt. Atupele, mwanamke mwenye elimu safi na sauti ya chini. Alimpitia Stamili wodini kabla hajapelekwa ndani. Alimkuta amevalishwa gauni la hospitali na anaukagua mshono wake kwa dharau.

"Dokta, aliyeshona hili alikuwa anakimbilia wapi?" Stamili akamuuliza. "Nikivuta uzi huu mmoja, wodi nzima inaniona."

Dkt. Atupele akacheka, akamwomba asiuvute. Wakaongea mambo ya usingizi, ya meno ya bandia ambayo Stamili hakuwa nayo, na ya mama yake, Bi. Hadia, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje na kanga mbili na chupa ya uji. Stamili alikuwa na ombi moja kuhusu mama huyo. Kwenye hospitali walikotoka, alisema, mama aliambiwa mwanao amepona, akapiga simu ukoo mzima, watu wakachinja, na baada ya wiki yeye Stamili akarudishwa kwenye oksijeni. Ikatokea tena. Mama akaanza kuonekana mwongo kwa mashemeji. Safari hii, Stamili akasema, mhakikishe kwanza ndiyo mumwambie.

Dkt. Atupele akamwahidi. Mtu akiwa amelala kitandani anaahidiwa vitu vingi.

Wakaingia ndani. Stamili akalazwa usingizi, mrija wa altrasaundi ukapitishwa, na Dkt. Atupele akaanza kuangalia moyo kabla haujaguswa. Hiyo nayo ni kazi yenye utaratibu wake: unaangalia mlango mgonjwa, kisha unaangalia na ile mingine, mmoja mmoja, ili ujue umeanza na nini. Profesa alishanawa. Alikuwa amesimama na mikono yake miwili ameinyanyua mbele ya kifua kama mtu anayesubiri kukabidhiwa mtoto mchanga. Kila aliyefanya kazi naye alijua kwamba mikono hiyo haipendi kusubiri.

Dkt. Atupele akamwonyesha mlango mbovu. Profesa akasema huo anaujua, ndio uliomleta. Akauliza, "Milango mingine?"

"Kawaida, Profesa."

"Twende."

Wakaenda. Kifua kikafunguliwa, mashine ikapokea, moyo ukasimama. Profesa akautoa mlango ulioharibika, akaushona mpya wa chuma mahali pake, uzi baada ya uzi, kuzunguka duara zima. Msaidizi wake, Dkt. Sadala, alikuwa amesimama mkabala naye akimshikia nyuzi. Haikuwa kazi ndefu kuliko kawaida. Moyo ukaanzishwa, ukatikisika kidogo kama mtu aliyeamshwa kwa ghafla, ukashika mdundo wake. Mashine ikapunguzwa, ikasimama.

"Hongera, Profesa," akasema Sista Fides.

Hongera, hongera sana. Hata Dkt. Atupele aliitikia, na alipokuwa anaitikia alikuwa bado hajageuza macho kwenye skrini. Alipoyageuza, neno lilikuwa limeshamtoka.

Akaona kitu ambacho hakukitegemea. Mlango mpya ulikuwa umekaa vizuri, unafungua na kufunga. Kilichomshtua kilikuwa jirani yake. Pembeni ya mlango ule kuna mwingine, ule unaotoa damu kwenye moyo kwenda mwili mzima. Milango hiyo miwili imepakana kama vyumba vya kupanga vilivyojengewa ukuta mmoja: ukipigilia msumari kwako, jirani anaweza kuiona ncha. Na mlango huo wa jirani ulikuwa unavuja. Kila moyo ulipotupa damu mbele, sehemu kubwa yake ilikuwa inarudi ndani.

Profesa alishavua glavu. Alikuwa karibu na mlango wa kutokea.

"Profesa, naomba usitoke," akasema Dkt. Atupele.

Sista Fides akamtazama kama mtu aliyesikia tusi msibani.

Dkt. Atupele akaeleza alichokiona. Profesa hakurudi. Akajibu kutoka palepale alipokuwa, kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali wa watu wengine.

"Hicho ni kivuli, Dokta."

Hapa inabidi nikueleze, maana Profesa hakusema upuuzi. Mlango wa chuma huzuia mawimbi ya altrasaundi, na nyuma yake kunaweza kuwa giza au vitu vinavyochezacheza visivyokuwepo. Kivuli kipo. Kila daktari wa moyo ameshawahi kudanganywa na kivuli. Ndiyo maana neno hilo linafaa sana kumnyamazishia mtu. Ungemwambia Dkt. Atupele kwamba ameota, angekasirika. Ukimwambia ni kivuli, anaanza kujitilia shaka mwenyewe, na wewe umeshafika nje.

Lakini siku hiyo hakujitilia shaka kimyakimya. Aliushusha mrija mpaka tumboni, akaugeuza, akauangalia moyo kutoka chini ambako chuma hakikingi. Picha ikabadilika upande. Uvujaji haukubadilika. Ulikuwa pale, ulimi mrefu wa rangi nyekundu na njano unaorudi ndani kila moyo ulipopumzika. Namba ya chini ya presha ilikuwa imeanza kushuka, na moyo ulikuwa unavimba polepole mbele ya watu wote.

Nasema mbele ya watu wote kwa sababu nataka ulikumbuke hilo. Skrini ile ni kubwa, imetundikwa makusudi ili ionekane. Sista Fides aliona. Fundi wa mashine aliona, mkono wake ukasogea karibu na vitufe kisha ukarudi kwapani. Dkt. Sadala aliona, halafu akapata ghafla mapenzi makubwa na kipande cha shashi alichokuwa nacho, akaanza kukikunja kwa makini ambayo sijui kama aliwahi kuyaonyesha hata kwenye mtihani wake wa mwisho. Watu wazima, wenye watoto, wenye vyeti ukutani, wamesimama kumzunguka mwanamke aliyepasuliwa kifua, na kila mmoja anasubiri mwenzake ndiye awe mkosefu wa adabu. Hiyo wanaiita nidhamu ya kazi. Wengine wanaifundisha.

Profesa akarudi. Akaiangalia picha kwa muda mrefu. Akaacha habari ya kivuli, bila kusema ameiacha.

"Huo ulikuwepo," akasema.

Akaanza kueleza, na maelezo yake yalikuwa mazuri kama mhadhara. Kwamba baridi yabisi haili mlango mmoja, mara nyingi inaonja na wa pili. Kwamba uvujaji huo lazima ulikuwa mdogo tangu mwanzo, na sasa moyo umepata nguvu ndiyo unaonekana. Kwamba kumrudisha mgonjwa kwenye mashine si mchezo. Kuna damu, kuna ubongo, kuna figo, na kuna watu walirudishwa kwa ajili ya jambo dogo wakafia katika kurudishwa. Yote hayo ni kweli. Je, amwingize mgonjwa kwenye hatari hiyo kwa sababu ya kitu alichokuja nacho mwenyewe kutoka nyumbani?

Halafu akamgeukia Dkt. Atupele na kumuuliza swali ambalo, ukilifikiria, lilikuwa la haki kabisa.

"Wewe ndiye uliyeangalia kabla sijagusa. Ulikuwa unavuja au hauvuji?"

Unaiona njia ilivyokuwa imenyooka? Neno moja tu. Haukuvuja, Profesa. Angelisema hilo, mashine ingewashwa tena, Stamili angeokolewa, na Dkt. Atupele angetoka pale akiwa shujaa. Kwa dalili zote lingekuwa hata ni jibu sahihi. Mimi mwenyewe ningekuwepo ningemfinya aliseme.

"Sijui," akasema Dkt. Atupele.

"Hujui?"

"Sikuuangalia. Niliangalia mlango mmoja tu. Uliponiuliza mingine nikasema kawaida. Ulikuwa umeshanawa, umesimama, na mimi niliogopa kukusimamisha."

Kama ulikuwa umeshaanza kumpigia makofi Dkt. Atupele, yashushe kidogo. Najua ulidhani hii ni hadithi ya mwanamke jasiri na mzee mwenye kiburi. Na mimi ningependa iwe hiyo, ingekuwa fupi. Lakini katika hospitali zetu, na maofisini kwetu, na kwenye vikao vyetu vya harusi, neno kawaida lina maana mbili. Moja ni: nimeangalia, hakuna tatizo. Ya pili ni: sijaangalia, tuendelee. Zinatamkwa kwa sauti moja. Asubuhi ile Profesa aliuliza swali akiwa tayari ameshanyanyua mikono, na Dkt. Atupele akampa kawaida ya pili. Mmoja hakutaka kusubiri jibu, mwingine hakuwa nalo, na wakaelewana vizuri sana. Watu waliosomeshwa kwa kodi za akina Bi. Hadia.

Sista Fides, ambaye alikuwa anampenda Dkt. Atupele kama mdogo wake, alinong'ona kwa uchungu, "Dokta Atu, ungenyamaza tu."

"Basi," akasema Profesa, kwa sauti ya mtu aliyeshinda shauri. "Hujui. Tufunge kifua."

Akaanza kugeuka. Na hapa ndipo Dkt. Atupele, akiwa amekwisha kujivua nguo mbele ya watu, akagundua kitu ambacho aliyevaa hawezi kukigundua: kwamba hana tena cha kuficha, kwa hiyo hana tena cha kuogopa.

Akamwambia Profesa kwamba ni kweli yeye hajui, lakini na Profesa hajui. Profesa amesema ulikuwepo. Hakuuona, kwa kuwa aliyetakiwa kumwonyesha hakumwonyesha. Kwa hiyo humo ndani hakuna anayejua, na walikuwa karibu kufunga kifua cha mtu juu ya kutojua huko. Akaomba waache kukumbuka na waangalie. Akaikuza picha mpaka mlango wa jirani ukajaa skrini nzima.

Mlango ule haukutengenezwa kama ubao. Umeumbwa na vipazia vitatu vyembamba vinavyofunguka na kukutana katikati. Baridi yabisi ikivila, vinakuwa vinene, vinaota makovu, kingo zinagandana. Vipazia vya Stamili vilikuwa vyembamba, laini, vya mtu mzima wa afya. Viwili vilikuwa vinapepea sawasawa. Cha tatu kilikuwa hakifiki katikati. Ukingo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja, upande wa mlango mpya, na kila moyo ulipodunda kilijaribu kwenda kikarudishwa, kama pazia lililonaswa na msumari.

"Hiki hakijaumwa," akasema Dkt. Atupele. "Kimeshikwa."

Dkt. Sadala alikuwa ameacha kukunja shashi.

"Picha imesema inachoweza kusema," akaendelea. "Yupo mtu mmoja humu asiyeihitaji. Profesa, ulipokuwa unashona kona ile, mkono wako ulihisi nini?"

Sasa ngoja. Najua umeshaanza kuruka mistari ukamtafute Stamili, kwa hiyo nimalizie habari zake ndiyo turudi kwenye swali hilo.

Stamili alipona. Alirudishwa kwenye mashine, moyo ukasimamishwa tena, na wakakuta uzi mmoja umepenya ukuta na kuuma ukingo wa kipazia cha jirani. Wakaukata. Wakaziba tundu lililobaki, wakashona upya kona ile, na walipomaliza wakaangalia kila mlango kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Alilala chumba cha uangalizi kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, figo zake zikagoma kidogo, na Bi. Hadia akazeeka kwenye benchi lile kwa namna ambayo hakuna kipimo kinachoionyesha. Haikuwa bure. Asiniambie mtu kwamba mwisho mwema unafuta bili. Kama picha ya asubuhi ingeangaliwa, ubishi wa kuhusu kilichokuwepo na kisichokuwepo usingekuwepo. Na kama mkono ulipohisi ungesimama, mashine isingehitajika mara ya pili. Leo Stamili anashona, na sikilizia cherehani yake: haikatiki katikati ya upindo.

Tumemaliza na uzi. Mimi sikukuandikia kwa ajili ya uzi.

Nimekuandikia kwa ajili ya kimya kilichofuata swali lile. Ndani ya kimya hicho Dkt. Sadala alikuwa anajua, kwa sababu alikuwa ameshika mwisho wa pili wa uzi, na alikuwa ameuona mkono wa Profesa ukisita kwenye kona ile, kitambo kidogo, kabla ya kukaza. Alijua, na aliimba hongera pamoja na wengine, na kama ungemuuliza angekuambia kwamba kwa cheo chake si mahali pake kusema. Sijui ni mahali pa nani. Pengine alikuwa anasubiri Stamili aamke aseme mwenyewe.

Na Profesa alikuwa anajua.

Angeweza kusema hakuhisi kitu. Nani angempinga? Hakuna altrasaundi ya vidole. Nje ya mlango alikuwepo mama mwenye chupa ya uji aliyekuwa tayari kumwamini, na ndani walikuwepo watu ambao walikuwa wameshampongeza, na ukishapongezwa kwa kitu, kukikana ni kama kuwarudishia watu zawadi yao usoni. Aliitazama skrini. Aliwatazama, mmoja mmoja, wale waliokuwa wanamwitikia kila siku, na kila aliyetazamwa aliinamisha kichwa. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa anafanya kazi peke yake, katika chumba kilichojaa watu, na kwamba ni yeye aliyewafundisha kumwacha hivyo.

Moyo wa Stamili ulikuwa unaendelea kuvimba.

Akamwambia fundi wa mashine ajiandae kurudi. Akanyoosha mikono yake kwa Sista Fides, na Sista Fides akashindwa kuelewa anataka nini, mpaka alipoona vidole viko wazi na kukumbuka kwamba mtu huyo anahitaji glavu nyingine. Akamvalisha. Profesa akasogea mpaka kwenye kitanda, akasimama palepale alipokuwa amesimama asubuhi, na bila kumtazama mtu akasema, kwa sauti ambayo haijawahi kusikika katika chumba kile:

"Nilihisi uzi umeshika pasipo pake. Nilijua palepale. Nikakaza, kwa sababu sikutaka mnione nafumua."

Funzo: Usimpe mtu hongera kabla kazi yake haijaangaliwa, maana ukishampongeza umemzibia njia ya kusema amekosea, na wewe umejizibia njia ya kumwambia, na atakayelipa ni yule aliyelala mezani bila kusikia mkishangilia.